Kompyuta Nayo Hukosea: Vijana Wetu Wajue Kulitaja Kosa kwa Jina

Ndugu msomaji, iko kauli moja ambayo siku hizi husikika kila penye dirisha na karani. Mwananchi hufika na risiti mkononi, akaeleza kwamba hesabu aliyopewa hailingani na mzigo alioleta au fedha alizolipa. Karani hukitazama kioo kilicho mbele yake, kisha hujibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata shauri: "Kompyuta ndivyo inavyosema." Basi mwananchi yule huikunja risiti yake akaenda zake, maana hana neno la kujibu. Anajua fika kwamba binadamu hukosea. Lakini hajapata kuelezwa kwamba mashine inayotii maagizo ya binadamu huyatii na makosa yake pia, tena upesi na bila haya.

Upungufu huu wa neno la kujibu ndio tunaotaka kuuzungumzia leo. Si jambo la wataalamu peke yao. Maadamu mishahara, malipo ya mazao, matokeo ya mitihani na fedha zinazopita katika simu za mkononi vimekabidhiwa programu za kompyuta, hapana budi wawepo miongoni mwetu watu wengi wanaoweza kusema: hapa pana kosa, ni la aina hii, na njia ya kulithibitisha ni hii. Watu hao hawataletwa na meli. Wataandaliwa darasani, na njia mojawapo ya kuwaandaa tumeiona kwa macho yetu.

SIKU UMEME ULIPOKATIKA

Hivi karibuni tulikaribishwa katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga kutazama kipindi cha marudio ya somo la kompyuta, kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wapatao arobaini na kompyuta zilikuwa nane. Hata hizo nane hazikutufaa kitu, kwa sababu siku hiyo umeme ulikatika kabla hatujaketi. Tulidhani kipindi kitaahirishwa. Mwalimu hakuahirisha. Aliligawa darasa pande mbili, akachukua chaki, akauandikia upande wa kwanza miji mitano: Tanga, Pangani, Muheza, Korogwe na Lushoto. Upande wa pili aliuandikia Mombasa, Malindi, Lamu, Bagamoyo na Kilwa. Kisha akaketi nyuma ya darasa.

"Kitendawili!" alisimama kijana mmoja.

"Tega!" upande wa pili uliitika.

"Nimefika salama, mwenyeji kanikaribisha vizuri, lakini nyumba siyo niliyotumwa."

Walinong'onezana kidogo, kisha mmoja akajibu kwamba hilo ni kosa la mantiki: programu imekubaliwa na mashine, imefanya kazi mpaka mwisho bila kusimama, lakini jibu iliyotoa si sahihi. Likafuata jingine: "Nimeandika barua, tarishi amekataa hata kuipokea." Hilo ni kosa la kanuni za lugha, kama vile mabano yaliyofunguliwa yasifungwe, au neno la amri lililoandikwa vibaya, hata kompyuta ikashindwa kuyasoma maagizo yenyewe. Na la tatu: "Nilianza safari na afya yangu, nikaanguka njiani." Hilo ni kosa la wakati wa utendaji, yaani programu imeanza kazi vizuri, kisha ikakutana na jambo isiloliweza, ikasimama katikati.

Kila msomaji aliyekulia katika nchi yetu anaujua mchezo huo wa jioni. Asiyeweza kutegua hutoa mji. Lakini mwalimu yule ameuongezea masharti matatu, na masharti hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya badala ya kuusifu mchezo na kuusahau.

Sharti la kwanza, jina peke yake halitoshi. Anayelitaja kosa huonyeshwa programu fupi iliyoandikwa juu ya karatasi la manila, naye hupaswa kueleza ni data gani ya majaribio itakayolifichua. Sharti la pili, istilahi ya Kiingereza itakayoulizwa katika mtihani hutajwa, lakini maelezo hutolewa kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mama yake mwanafunzi angeyaelewa. Sharti la tatu, kosa linalotegwa liwe limepata kutendwa na upande unaolitega. Hairuhusiwi kubuni. Mwanafunzi hulitoa katika daftari lake mwenyewe.

KIPIMO CHA MPAKANI

Tutoe mfano wa sharti la kwanza. Karatasi moja ilikuwa na programu ya kupanga matokeo. Mwalimu alikuwa ameagiza kwamba anayepata alama 30 na kuendelea ahesabiwe amefaulu. Aliyeitunga programu aliiagiza kompyuta imhesabie ufaulu kila mwenye alama zaidi ya 30. Maneno hayo mawili yanafanana sana masikioni. Ukiijaribu programu hiyo kwa alama 70, inajibu amefaulu. Ukiijaribu kwa alama 12, inajibu ameshindwa. Mtu mvivu angeridhika hapo. Lakini kijana aliyeitwa mbele alidai ijaribiwe kwa 29, 30 na 31, na alama 30 ikaliumbua kosa lote.

Hiyo ndiyo iitwayo data ya mpakani, yaani thamani zilizo ukingoni mwa kanuni, mahali ambapo hukumu hubadilika. Makosa hupenda kujificha mipakani. Fundi anayejenga ua wenye nafasi kumi zilizonyooka huhitaji nguzo kumi na moja. Mwanagenzi hukata kumi, na mtunga programu naye hukosea hivyo hivyo anapoiagiza mashine irudie kazi fulani mara kadha wa kadha. Kwa hiyo wanafunzi wale hufundishwa kupima kwa namna tatu: kwa data ya kawaida, kwa data ya mpakani, na kwa data batili, mathalani alama 101 au herufi mahali palipotakiwa tarakimu. Programu nzuri haitazamiwi tu kujibu vema yaliyo mema. Yatakiwa pia ijue kuyakataa yasiyofaa.

Na kwa kuwa umeme haukuwapo, kazi yote ilifanywa kwa mkono. Mwanafunzi alichora jedwali la ufuatiliaji, akawa yeye mwenyewe ndiye kompyuta, akipita mstari baada ya mstari na kuandika thamani ya kila kigeu inavyobadilika. Wazee wa taaluma hii walifanya hivyo zamani, wakati kompyuta zilipokuwa chache na saa za kuzitumia zikipimwa kama dawa. Hatudhani kwamba vijana wale walipoteza kitu siku ile kwa kukosa kioo cha kutazama.

MABISHANO YENYE FAIDA

Katikati ya mchezo alisimama msichana mmoja ambaye tangu mwanzo alikuwa kimya. Alitega kosa la daftari lake. Alikuwa ametunga programu ya kikundi cha kuweka na kukopa, ambayo hujumlisha michango ya juma na kuigawanya kwa idadi ya waliochanga ili kupata wastani. Majuma matatu ilifanya kazi sawasawa. Juma la nne hakuchanga mtu, programu ikatakiwa kugawanya kwa sifuri, ikasimama.

Upande wa pili ulijibu kwamba hilo ni kosa la mantiki, kwa sababu mtungaji hakufikiri. Msichana akakataa. Akasema programu haikutoa jibu lisilo sahihi bali haikutoa jibu lolote, kwa hiyo ni kosa la wakati wa utendaji. Wakabishana dakika nyingi, na hakuna aliyesinzia. Mwishowe mwalimu aliinuka, akaandika ubaoni maneno matatu ambayo sisi tumeondoka nayo kama mtu aondokavyo na mbegu: kosa, dosari, hitilafu.

Kosa, alieleza, ni la binadamu: ni pale mtungaji aliposahau kwamba liko juma ambalo watu hawatachanga. Dosari ni alama ya kosa hilo iliyobaki ndani ya maandishi ya programu. Hitilafu ni pale dosari inapojitokeza mbele ya mtumiaji. Kosa laweza kutendwa Januari, dosari ikalala ndani ya programu miaka mitatu, na hitilafu ikaonekana siku ambayo mtungaji amekwisha kuhamia kazi nyingine. Anayepima huanza na hitilafu, akairudia mpaka aione waziwazi, akaifuata mpaka kwenye dosari, kisha akajiuliza ni kosa gani la fikra lililoizaa, maana huenda kosa hilo limezaa ndugu wengine.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini basi watu husema kwamba programu ina mdudu. Ni swali zuri, na jibu lake lina historia. Neno hilo lilitumiwa na mafundi wa Marekani tangu karne ya 19, na Thomas Edison alilitumia katika barua zake. Lakini tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo halisi amenasa ndani ya mashine, wakambandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za kazi na kuandika kando yake kwamba sasa mdudu amepatikana kweli. Bibi Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa lugha za programu, aliisimulia habari hiyo mara nyingi hata ikaenea duniani. Ni kichekesho kizuri, lakini kina hatari yake. Mdudu huingia mwenyewe, bila kualikwa. Dosari za programu huwekwa na watu. Neno linalomfanya mtu aonekane hana hatia lafaa kutumiwa kwa uangalifu.

MAJINA YALIPOKOSEKANA

Yawezekana msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya darasani. Natutazame basi yaliyotokea nje ya darasa.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya matibabu ya saratani iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga wagonjwa sita wa Marekani na Kanada kwa mionzi mikali kupita kiasi, na baadhi yao wakafa kwa sababu hiyo. Katika mashine za awali vilikuwako vizuizi vya vyuma na umeme vya kuzuia ajali. Katika hii, sehemu kubwa ya ulinzi ilikabidhiwa programu. Hitilafu ilipotokea katika mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, kioo kilimwonyesha mhudumu maneno mafupi: hitilafu namba 54. Kitabu cha maelekezo alichopewa hakikumfafanulia maana yake. Basi aliendelea na kazi kama alivyozoea, kwa kuwa mashine ile ilikuwa na desturi ya kutoa ujumbe wa namna hiyo mara kwa mara.

Waliolifumbua fumbo hilo ni mtaalamu wa fizikia wa hospitali ile akishirikiana na mhudumu mwenyewe. Walikaa mbele ya mashine wakarudia yote yaliyofanyika, mpaka wakagundua kwamba hitilafu hutokea pale tu mhudumu anaposahihisha maagizo kwa haraka sana, ndani ya sekunde chache. Mhudumu mgeni, apigaye herufi polepole, asingeiona kamwe. Huo ndio ustadi wa upimaji: kuirudia hitilafu kwa makusudi hadi isiweze kukanushwa.

Mfano wa pili ni wa dosari iliyolala. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa. Haikupata hata dakika moja ikapinda, ikavunjika na kujilipua pamoja na setilaiti nne za uchunguzi ilizobeba. Tume ya uchunguzi ilibainisha kwamba sehemu ya programu ilichukuliwa kutoka roketi ya awali, Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi, na tarakimu moja ikakua kupita nafasi iliyotengewa, ambayo haikuweza kubeba zaidi ya 32,767. Hii ni data ya mpakani ile ile, ndugu msomaji, ya alama 30 juu ya karatasi la manila. Programu hiyo haikuwa imejaribiwa kwa mwendo halisi wa roketi mpya.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Uingereza, kwa sababu unamhusu yule mwananchi wa dirishani tuliyeanza naye. Kuanzia mwaka 1999, ofisi za posta za nchi hiyo zilifungiwa mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mawakala wa vijijini na mitaani wakaanza kuona upungufu wa fedha wasioweza kuueleza. Walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Walitakiwa kulipa kutoka mifukoni mwao, na zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo. Wengine walifungwa jela, na wengine walifilisika. Ilichukua kesi ya mawakala 555 mbele ya Mahakama Kuu hadi Desemba 2019 jaji alipotamka kwamba mfumo ule ulikuwa na dosari zilizoweza kuleta upungufu huo. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo.

Tuufikirie mkasa huo kwa maneno matatu ya ubaoni. Hitilafu ilionekana na mawakala wenyewe, kila jioni walipofunga hesabu. Dosari ilikuwa ndani ya programu, mahali ambapo wao hawakuruhusiwa kutazama. Na kosa la binadamu walibambikiwa wao. Kauli ya kwamba kompyuta haikosei haikuwa upuuzi wa barazani: iliwapeleka watu wasio na hatia gerezani.

HOJA MBILI ZA WAPINZANI

Zipo hoja mbili ambazo tumezisikia dhidi ya mafunzo ya namna hii, nazo zastahili kujibiwa.

Ya kwanza husema kwamba mchezo ni anasa, na kwamba muda wa marudio utumiwe kukariri. Sisi tunakubali kwamba mtihani una haki yake, na kwamba mchezo usiosimamiwa huishia katika kelele na kuhesabu miji. Lakini mtoto aliyekariri maana ya data ya mpakani na asiweze kuitafuta 30 kati ya 70 na 12, huyo amebeba sanduku lililofungwa. Sharti la uthibitisho ndilo linaloutenga mchezo huu na upuuzi. Shule itakayouiga ikaliacha sharti hilo itakuwa imechukua ganda na kuiacha kokwa.

Ya pili husema kwamba kuwaonyesha watoto makosa yao mbele ya wenzao kutawavunja moyo. Hapa tulishuhudia kinyume chake. Katika mchezo ule makosa ni mtaji. Mwanafunzi ambaye daftari lake halina kosa hana cha kutega, na upande wake humtazama kama mtu aliyekuja ngomani bila miguu. Msichana yule wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye mwalimu alituambia kwamba alikuwa akifuta kila kosa kwa haraka asionekane, siku ile aliuletea upande wake mji wa Lushoto kwa kosa lake mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtunga programu anayeficha dosari huumbuliwa na hitilafu, ila mara nyingi anayeumia ni mtu mwingine.

Hata hivyo tusiahidi kupita kiasi. Mwanasayansi Mholanzi Edsger Dijkstra alitanabahisha tangu mwaka 1969 kwamba upimaji waweza kudhihirisha kuwa dosari zipo, lakini hauwezi kudhihirisha kuwa hazipo. Mwalimu yule anaijua hekima hiyo. Kila karatasi inapomalizika huuliza kama sasa programu ni salama, na darasa limefunzwa kujibu kwamba imepita majaribio tuliyoyafanya. Jibu hilo ni dogo, nalo ni la kweli. Laiti lingejifunzwa na wakubwa wengi wanaosimama mbele ya umma kuisifu mitambo mipya.

RAI YETU

Tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji fungu la fedha. Walimu wa kompyuta katika mkoa wetu wakutane na kubadilishana karatasi zao za manila, kwa kuwa dosari zilizokusanywa katika shule kumi ni hazina kubwa kuliko za shule moja. Walimu wa Kiswahili waalikwe katika vikao hivyo, ili istilahi zinazotumika zieleweke na zisitofautiane kutoka darasa hadi darasa. Na wazazi, mtoto anaporudi nyumbani akasema kwamba leo amekosea mara tano, wasikimbilie kukemea. Wamwulize ameyagunduaje.

Kipindi kilipokwisha upande wa Lamu na Kilwa ulikuwa umebakiwa na miji miwili. Umeme ulirudi wakati wanafunzi wanatoka. Tulimwona msichana yule akibaki nyuma, akawasha kompyuta moja, akaifungua programu ya kikundi cha kuweka na kukopa. Kabla ya mstari wa kugawanya aliongeza swali moja: je, yuko aliyechanga? Kisha akaijaribu kwa watu kumi, kwa mtu mmoja, na kwa sifuri.